Mtoto Amepaliwa: Atibiwe Nakuru au Akimbizwe Nairobi?

Koo la hewa la mtoto mchanga lina upana wa milimita 4 hivi. Ukuta wake ukivimba milimita 1 tu kwa ndani, nafasi ya kupitisha hewa hupungua kwa robo tatu. Mtu mzima akipata uvimbe wa kiasi hicho hicho atakereketwa, atakohoa, kisha ataendelea na shughuli zake. Mtoto ataanza kuvuta pumzi kwa sauti, mbavu zikiingia ndani kila anapohema, na baada ya muda atachoka. Kwa sababu hiyo magonjwa ya koo la hewa kwa watoto hayafanani na maradhi mengine ambayo hospitali zetu zimezoea kuyaandikia barua ya rufaa. Hoja yangu ni kwamba mahali pa kumtibu mtoto huyo paamuliwe na muda anaoweza kusubiri. Tatizo linaloua kwa dakika litatuliwe nyumbani, shuleni na kwenye zahanati. Linaloua kwa saa au siku litatuliwe Nakuru, usiku na mchana, na timu inayojulikana. Linaloweza kungoja wiki au miezi ndilo lipelekwe kwenye hospitali moja au mbili nchini ambako mabingwa wamekusanyika. Mpango wowote unaopuuza mgawanyo huo utawapoteza watoto barabarani. Najua wapo wanaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa, kwa hiyo niwape nafasi wazungumze.

Wa kwanza ni mtu wa hazina ya kaunti. “Mwandishi,” anasema, “sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika Kaunti ya Nakuru. Akina mama wanajifungua kila usiku, majeruhi wa barabara ya A104 hawaishi, wagonjwa wa kisukari wanapanga foleni tangu alfajiri. Unataka nitenge fedha kwa ajili ya watoto wachache waliovuta punje ya njugu? Na umesahau ile mitambo ya 2015? Serikali kuu ilitia saini mkataba wa miaka 7 wa Sh38 bilioni kukodisha vifaa kwa hospitali za kaunti, na mwaka 2020 kamati ya Seneti ikaripoti kwamba vingine vilikuwa vimekaa bure. Usiniletee mashine nyingine ya kufunikwa kwa shuka.”

Huyu anastahili jibu kamili, kwa sababu nusu ya anayosema ni kweli. Somo la 2015 ni chungu: kifaa kilifika kabla ya mtu wa kukitumia. Lakini tazama kwanza ugonjwa wenyewe. Msimu wa kupukuchua mahindi, katika boma lolote la Njoro au Rongai, punje zimetapakaa kwenye turubai na mtoto wa mwaka mmoja na nusu anaokota anachokiona. Meno ya mbele anayo, magego ya kusagia bado hayajakamilika. Anatia punje kinywani, anacheka au anajikwaa, punje inavutwa pamoja na pumzi. Anakohoa kwa nguvu, macho yanamtoka, kisha ghafla anatulia. Utulivu huo ndio unaodanganya. Punje imepita koo la hewa na kushuka, mara nyingi katika bomba la pafu la kulia kwa kuwa limenyooka zaidi kuliko la kushoto. Nyumbani wanasema amepona. Baada ya siku chache anaanza homa na kikohozi, anapelekwa kliniki, anapewa dawa ya nimonia. Anapata nafuu kidogo, anaugua tena, anapewa dawa nyingine. Picha ya eksirei haimwonyeshi daktari punje, maana njugu, haragwe na hindi hazionekani humo. Pengine itaonyesha tu pafu moja limejaa hewa kuliko jingine. Wakati huo mafuta ya njugu yanachoma ukuta wa bomba, au haragwe linafyonza maji na kuvimba pale pale lilipokwama. Wiki za dawa zisizohitajika, vitanda vya wodi, eksirei za kurudiarudia, na mwishowe pafu lililooza: hizo zote ni gharama ambazo hazina ya kaunti inazilipa tayari, ila zimeandikwa chini ya jina la nimonia.

Tiba yake ni ya zamani kuliko mji wa Nakuru wenyewe. Mwaka 1897 daktari Gustav Killian wa Freiburg, Ujerumani, alipitisha bomba gumu kinywani mwa mkulima na kumtoa mfupa wa nguruwe uliokuwa umekwama kwenye njia ya hewa. Bronkoskopu ngumu ya leo ni mjukuu wa bomba hilo: chuma chembamba chenye taa na lenzi, na koleo refu linalopita ndani yake. Mtoto analazwa kwa nusukaputi, bomba linashushwa kati ya nyuzi za sauti, punje inashikwa na kuvutwa nje. Hakuna kisu kinachogusa ngozi. Kilicho kigumu ni kwamba daktari wa upasuaji na daktari wa nusukaputi wanagombea tundu moja la milimita chache. Mmoja anataka kupitisha koleo, mwingine anataka kupitisha hewa, na kila sekunde ya kutoelewana inahesabika kwenye moyo wa mtoto. Ndiyo maana nakubaliana na mtu wa hazina kwamba tusianze na mashine. Tuanze na watu: daktari wa masikio, pua na koo au wa upasuaji wa watoto, mtaalamu wa nusukaputi aliyezoea watoto wadogo, na muuguzi wa chumba cha upasuaji anayejua kila koleo liko wapi, wakiwa wamefunzwa pamoja kama timu. Na watu hao hawatakaa wakingoja njugu. Muuguzi anayejua kumwangalia mtoto mahututi ndiye yule yule atakayemwokoa aliyeungua kwa maji moto, aliyegongwa na bodaboda, au mwenye nimonia ya kweli. Hesabu ya “watoto wachache” inakosea kwa kuwa inagawanya gharama ya timu nzima kwa ugonjwa mmoja.

Sasa anasimama daktari bingwa kutoka hospitali kuu ya rufaa, na hoja yake ni nzito zaidi. “Mkono unaofanya upasuaji mara mbili kwa mwaka ni mkono wa hatari,” anasema. “Koo la hewa la mtoto halisamehe. Kazi hii ikusanywe mahali pamoja, tuifanye mara nyingi, tuijue vizuri. Mkitawanya ujuzi kila kaunti, mtapata vifo kila kaunti. Hata Waingereza na utajiri wao wameikusanya.”

Ni kweli wameikusanya, na inafaa kuangalia ni nini hasa walichokikusanya. Kuna watoto wanaozaliwa na koo la hewa ambalo gegedu zake, badala ya kuwa na umbo la kiatu cha farasi, zimefunga duara kamili, na njia imebana kama mrija wa soda. Mwaka 1989 madaktari wa London walichapisha mbinu ya kulitibu: sehemu iliyobana inakatwa katikati kwa upana, kipande kimoja kinapasuliwa mbele na kingine nyuma, kisha vinatelezeshwa kimoja juu ya kingine na kushonwa. Koo linafupika, lakini mzunguko wake unaongezeka maradufu. Wakati wote huo mashine inafanya kazi ya moyo na mapafu. Watoto wa namna hiyo ni wachache mno, na Uingereza iliweka huduma ya kitaifa kwa ajili yao katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street. Daktari bingwa ana haki kamili hapo. Nakuru isijaribu upasuaji huo, wala Eldoret na Nairobi zisishindane kuufanya. Nchi ichague mahali pamoja. Vivyo hivyo kazi ya kupanua koo lililobana kwa kupachika kipande cha gegedu ya ubavu, ambayo Robin Cotton wa Cincinnati aliiendeleza tangu miaka ya 1970. Mtoto wa namna hiyo, akishawekewa njia salama ya kupumulia, anaweza kungoja miezi hadi zamu yake ifike.

Haragwe halingoji. Kutoka Nakuru hadi Nairobi ni kilomita 160 hivi, kwenda Eldoret karibu sawa na hizo, na anayetoka Marigat au Olenguruone ameshasafiri kabla hajafika Nakuru. Kitu kilichokwama upande mmoja wa pafu kinaweza kung'oka kwa kikohozi kimoja na kupanda hadi koo kuu, kikaziba pande zote mbili, naye muuguzi ndani ya ambulensi hana cha kukitolea. Tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani mwaka 2015 ilitumia saa 2 kuwa kipimo cha kufikia upasuaji wa dharura: mama anayehitaji kupasuliwa ajifungue, tumbo, mfupa uliovunjika ukatoboa ngozi. Mtoto aliyepaliwa hakutajwa miongoni mwa hao, ila sioni sababu ya kumpimia kwa saa ndefu kuliko mwenye mguu uliovunjika. Katiba yetu ya 2010 inasema katika kifungu cha 43 kwamba hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Ratiba ya Nne inazikabidhi kaunti hospitali zake na ambulensi. Serikali kuu inabaki na hospitali za kitaifa za rufaa. Ukisoma mgawanyo huo kwa jicho la saa, unaona kwamba sheria tayari imeshaigawa kazi kwa namna ninayoitetea.

“Na mkono wa hatari?” bingwa anauliza tena. Mkono unalindwa kwa mazoezi. Timu ya Nakuru ipelekwe kwa zamu mahali ambapo watoto wengi wanafanyiwa kazi hii, na ifanye mazoezi ya mara kwa mara kwa mwanasesere. Kwamba ujuzi wa watoto unaweza kuota mizizi nje ya jiji kuu si ndoto: hospitali ya AIC Kijabe, pale kwenye kingo za Bonde la Ufa, imejenga upasuaji wa watoto kwa miaka mingi na inawafunza maafisa wa kliniki matibabu ya dharura na ya wagonjwa mahututi. Eldoret ilifungua hospitali ya umma ya watoto, Shoe4Africa, mwaka 2015. Chuo cha mafunzo ya tiba, KMTC, kina stashahada ya juu ya masikio, pua na koo kwa maafisa wa kliniki. Hao ndio watakaomshuku mtoto mapema, na kushuku ni nusu ya tiba: swali moja la ziada kwa mama, “Je, kabla ya kikohozi hiki kuanza, alipaliwa?”, lina uzito kuliko eksirei tatu.

Mzazi kutoka Kuresoi amekaa kimya muda wote huo. Anapozungumza, anawageukia wote wawili. “Daktari, wewe unasema Nairobi, na huyu anasema Nakuru. Mimi nina mtoto ambaye alikaa na mpira wa kupumulia wodini hadi koo likabana, sasa ametobolewa shingoni. Mmemwokoa, na Mungu awabariki. Lakini nikirudi naye nyumbani, mpira ukiziba saa nane usiku, nitamwita nani?”

Swali hilo hubadilisha mjadala wote, na ndilo ambalo mabingwa hulisahau upesi. Kutoboa koo la hewa huchukua muda mfupi. Kuishi na tundu hilo huchukua miaka. Hewa ikipita shingoni haifiki kwenye nyuzi za sauti, kwa hiyo mara nyingi mtoto huyo akilia hatoi sauti. Mama aliyelala chumba hicho hicho hasikii. Ute unakauka, mpira unaziba, au unachomoka wakati anajigeuza. Kinachomwokoa ni vitu vya kawaida sana vikiwa karibu na kitanda: mpira wa akiba wa kipimo hicho hicho na mwingine mdogo zaidi, utepe, mkasi, mashine ya kufyonza ute inayokanyagwa kwa mguu umeme ukipotea, na mikono miwili iliyowahi kubadilisha mpira huo mara kadhaa muuguzi akitazama. Naamini hospitali isimruhusu mtoto aliyetobolewa koo kwenda nyumbani mpaka watu wawili wa familia wameonyesha kwamba wanaweza kuyafanya hayo yote, na mpaka vifaa hivyo viko ndani ya mfuko wao. Anayeona hilo ni la kudai kupita kiasi akumbuke kwamba vinginevyo tumehamisha kifo tu, kutoka wodini hadi Kuresoi. Na hapo ndipo umbali unapouma tena: mafunzo hayo yakiwa Nairobi, mama analipa nauli, analipa pa kulala, anawaacha watoto wengine na shamba la viazi, na baba akitaka naye kujifunza anaacha kibarua. Bima ya afya ya SHA, iliyoichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hailipii nauli ya baba. Wahamasishaji wa afya ya jamii waliosambazwa nchini tangu 2023 wanaweza kumtembelea mtoto huyo kila wiki, mradi kuna wodi ya Nakuru inayowajua kwa majina na kupokea simu zao.

Mtoto wa mzazi wa Kuresoi atuelekeze pia kwenye jambo lisilopendeza kusikika. Kadiri tunavyofaulu kuwaokoa watoto waliozaliwa kabla ya wakati, ndivyo tutakavyopata makoo yaliyobana kwa sababu ya mipira ya kupumulia. Mpira mkubwa kuliko kipimo, au uliokaa muda mrefu, huchubua ukuta, na kidonda kikipona, kovu hubana njia. Anayejenga wodi ya watoto wachanga amejifunga kushughulikia makoo yao.

“Mnazungumza upasuaji tu,” anakatiza afisa wa afya ya jamii. “Kinga ni bora kuliko tiba. Fedha hizo zikienda kwenye chanjo na elimu, hamtakuwa na wa kumpasua.” Huyu nampenda zaidi ya wote, na ushahidi alio nao ni mzuri. Bakteria wa Hib huweza kuvimbisha kifuniko cha koo la hewa na kumziba mtoto kwa saa chache; Kenya ilianza kuchanja dhidi yake 2001, na utafiti wa Kilifi uliochapishwa 2006 ulionyesha maambukizi makali kwa watoto wa chini ya miaka 5 yameshuka hadi asilimia 12 ya kiwango cha awali. Virusi vya HPV vya aina ya 6 na 11 huotesha chunjua kwenye nyuzi za sauti za mtoto, ambazo huweza kushuka hadi koo la hewa. Mtoto huambukizwa na mamaye, hasa wakati wa kuzaliwa, na hulazimika kurudi kwenye chumba cha upasuaji mara kwa mara kuzikata kwa kuwa zinaota tena. Australia ilianza kuchanja wasichana 2007, na ugonjwa huo ukashuka kutoka 0.16 kwa kila watoto 100,000 mwaka 2012 hadi 0.02 mwaka 2016. Kenya ilipoanza chanjo ya HPV Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, walikuwepo walioipinga, baadhi ya madaktari Wakatoliki wakiwemo. Walibishania saratani ya mlango wa kizazi na maadili. Sauti ya mtoto ambaye msichana huyo atamzaa haikutajwa. Itajwe sasa.

Na iko kinga ya dakika zenyewe, ambayo haimgharimu mtu chochote. Njugu nzima zisipewe mtoto wa chini ya miaka 5. Mtoto aliyepaliwa akishindwa kukohoa wala kulia, apigwe mara 5 kwa kiganja katikati ya mabega, kichwa kikielekea chini. Kisha, akiwa hajafika mwaka, asukumwe kifuani mara 5, na akiwa amepita mwaka asukumwe tumboni, juu ya kitovu. Rudia hivyo mpaka kitu kilichomkwama kitoke. Usitie kidole kooni kutafuta usichokiona. Betri bapa ya saa au rimoti ikikwama kwenye umio, inaweza kuunguza ndani ya saa 2 na kutoboa hadi koo la hewa. Mtoto aliyepita mwaka mmoja apewe asali, vijiko viwili vidogo kila baada ya dakika 10, huku anakimbizwa hospitali. Baringo ni jirani yetu, asali ipo. Ila haimwondolei mtu safari ya hospitali hata kidogo.

Lakini afisa huyu anakosea anapoziweka kinga na tiba kwenye mizani moja ili mojawapo ishuke. Hakuna chanjo ya mtoto anayezaliwa umio wake umekatika na kuungana na koo la hewa, hali inayotokea kwa mtoto mmoja kati ya elfu kadhaa. Utafiti mkubwa wa hospitali 264 katika nchi 74, uliotolewa na jarida la Lancet 2021, uliangalia kasoro 7 za kuzaliwa za njia ya chakula, hii ikiwemo: katika nchi maskini walikufa asilimia 39.8 ya watoto, katika nchi za kipato cha kati asilimia 20.4, na katika nchi tajiri asilimia 5.6. Watoto ni wale wale, kasoro ni zile zile. Tofauti imo katika kugunduliwa mapema, nusukaputi, uuguzi na umbali.

Kuna kijana nyuma ya ukumbi anayeuliza kwa nini tunahangaika na makoleo wakati dunia inatengeneza koo la hewa kwenye maabara. Ajibiwe kwa yaliyotukia. Mwaka 2011 mwanafunzi kutoka Eritrea aliyekuwa akisoma Iceland aliwekewa koo la plastiki mjini Stockholm na daktari wa upasuaji Paolo Macchiarini, na magazeti ya dunia yakashangilia. Alifariki Januari 2014. Mtoto wa miaka 2 aliyewekewa koo la namna hiyo Marekani mwaka 2013 alifariki baada ya miezi michache. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Sweden ilimhukumu Macchiarini kifungo cha miaka 2 na nusu. Utafiti wa kweli uendelee, lakini usitumike kuahirisha bomba la 1897.

Bajeti ya kaunti hupitishwa kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai 1, na Katiba inataka wananchi wasikilizwe kwanza. Wazazi wa Nakuru, nendeni kwenye vikao hivyo, kutoka Molo, Subukia, Gilgil na kwingineko. Msiombe jengo. Ulizeni ni nani walio katika timu ya kuwatoa watoto kitu kilichokwama kwenye njia ya hewa, kama wako zamu usiku wa Jumapili, na kama mama anayerudi nyumbani na mtoto aliyetobolewa koo anapewa mpira wa akiba na namba ya simu ya wodi. Majibu yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, na mwaka ujao mrudi kuyakagua.